Ziwa la Mavumbi

Nchi ninayoisimulia ina mipaka, wimbo na bendera, ila jina lake silitaji, kwa sababu siku nilipoketi kuandika, jina hilo lilikuwa bado kamatini likifanyiwa marekebisho. Tuliache huko huko. Wenyeji wake wanaijua, na wageni hawakuulizwa.

Mambo yalianza siku Mheshimiwa Mkuu wa Nchi aliporudi kutoka ng'ambo. Huko alikokwenda walimpitisha vijijini kwa gari, wakamwonyesha kwamba kila ua wa miti, kila kijia cha kondoo na kila rundo la mawe lina faili lake, limeandikwa lilianza mwaka gani, nani alilianzisha na kwa nini limepinda. Mheshimiwa alirudi amenuna. Pale uwanja wa ndege, kabla hajamaliza kushuka ngazi, aliuliza:

"Mandhari tunayo. Faili liko wapi?"

Hakuna aliyekuwa nalo. Mawaziri watatu walifukuzwa kazi pale pale juu ya zulia jekundu, na kufikia Ijumaa Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha sheria na kuunda Ofisi ya Sura ya Kale ya Mandhari ya Taifa, kwa kifupi OSKAMATA. Wananchi, ambao hupenda ufupi zaidi, waliiita Kamata.

Kazi ya Kamata ilikuwa kuipaka nchi nzima rangi kwenye ramani, wilaya moja baada ya nyingine, ili kila kipande cha ardhi kijulikane historia yake. Rangi zilikuwa kumi na moja. Kahawia ilikuwa makazi ya kale ya wakulima. Kijani ilikuwa malisho ya mababu. Kijivu ilikuwa ardhi iliyoharibiwa na wakoloni. Zambarau ilikuwa ardhi tuliyoiharibu wenyewe, nayo ilitajwa kitabuni lakini kopo lake halikuagizwa. Buluu ilikuwa maji, na dhahabu ilikuwa mahali popote Mheshimiwa alipowahi kupita akiwa ameshusha kioo cha gari. Kifungu cha nne cha sheria kilisema kwamba ramani ikishatiwa saini, ardhi haina ruhusa ya kuwa kitu kingine.

Wilaya ya Kisisiri, iliyo mbali na kila kitu, alipewa Nyamizi Lubuva, mpima ardhi daraja la tatu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mrefu, mwembamba, mwenye miguu isiyojua kutulia. Hata akiketi ofisini kisigino chake kilidunda chini ya meza kama cherehani, hadi wenzake wakahamisha vikombe vyao vya chai. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amechora mitaa ya mji mkuu, akifuta majina ya wakubwa walioanguka na kuandika ya waliopanda. Alipoambiwa anakwenda Kisisiri, ambako hakuna mtaa hata mmoja, alifunga begi siku hiyo hiyo, asije mtu akabadili mawazo.

Miezi miwili alitembea. Alitembea kama mtu anayefukuzwa, tangu alfajiri hadi jua linazama, daftari mkononi, na kadiri alivyotembea ndivyo alivyoanza kuisoma nchi. Alijifunza kwamba mstari wa minyaa katikati ya pori ni zizi la ng'ombe waliokwisha kufa zamani. Alijifunza kwamba udongo mweusi laini katikati ya udongo mwekundu ni jalala la nyumba ambazo hazipo. Njia ikipinda mahali pasipo na kitu, basi palikuwa na kitu, na miguu ya watu bado inakiheshimu. Aliandika yote hayo kwa haraka, kama mtu aliyepewa barua ndefu kuisoma na kuambiwa muda umekwisha.

Wiki ya mwisho alifika kijiji cha Mavumbi. Kilikuwa bondeni, nyumba sitini hivi, uwele na karanga kila upande, na vumbi lililokipa jina. Mtu wa kwanza kumkuta alikuwa mjane mmoja aitwaye Bi Kazinja, mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, akipalilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Kamata?"

"Ndiye mimi."

"Hatujaiba."

"Sijaja kukamata watu, mama. Nimekuja kuuliza habari za ardhi. Shamba hili lina umri gani?"

Bi Kazinja aliegemea jembe. "Mimi nililikuta. Mama mkwe wangu naye alilikuta. Aliyelianza alikufa kabla watu hawajaanza kuulizana maswali ya namna hii."

Nyamizi akaandika: la kale sana. Kisha akafunua ukurasa wa nyuma wa fomu, ule uliotungwa makao makuu. "Swali la kumi na saba. Ukiyatazama mandhari haya, unapata hisia gani? Majibu ni matatu: utulivu, ushujaa, au huzuni yenye matumaini."

Bi Kazinja alinyoosha mgongo, akalitazama shamba lake lote toka mwanzo hadi mwisho. "Magugu," akasema.

"Magugu hayamo, mama."

"Basi andika huzuni. Hayo matumaini utayatia mwenyewe, kalamu si iko kwako?"

Baadaye alimchukua nyuma ya nyumba, akamwonyesha makaburi kumi na manne, marundo ya mawe yaliyofunikwa kila moja na chungu kilichopinduliwa. Akawataja waliozikwa mmoja mmoja: huyu mume wangu, huyu baba yake, huyu aliyemzaa baba yake, huyu alikuwa mkorofi lakini tulimpenda. Alipofika la kumi na nne alisema hilo lilikuwepo tu, jina lilipotea, ila kila mwaka linapigwa udongo kama mengine. Nyamizi aliyahesabu, akayachora, akaipaka Mavumbi rangi ya kahawia bila kusitasita, akaondoka jioni ile kwa miguu.

Mkurugenzi Mkuu wa Kamata aliitwa Daktari Pantaleo Sembuyagi. Udaktari huo alitunukiwa na chuo ambacho yeye mwenyewe alikikatia utepe. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye tumbo la heshima, na alipozungumza na mtu mmoja alitumia sauti ya kuhutubia uwanja. Aliitandaza ramani ya Nyamizi mezani, na kando yake akatandaza nyingine, ya manjano, iliyoliwa na mende kwenye pembe.

"Unaijua hii?"

"Siijui, Mheshimiwa."

"Hii ilichorwa na msafiri wa kizungu miaka mia moja na hamsini iliyopita. Tumeinunua kwa mnada. Tazama Mavumbi."

Nyamizi akainama. Mahali pa Mavumbi palikuwa na doa la buluu lenye mawimbi madogo madogo, na mtumbwi.

Ni vizuri msomaji ajue, maana msafiri huyo mwenyewe aliliandika jambo hili katika kumbukumbu zake bila kuona aibu. Alipita Kisisiri akiwa na homa, amebebwa kwenye machela, mapazia yameshushwa. Alipouliza wapagazi kuna nini huko nje, wapagazi, ambao walikuwa hawajanywa kitu tangu jana yake, walimjibu kwa sauti moja: "Maji! Maji!" Naye akachora ziwa.

"Mheshimiwa, mimi nimefika. Ni bonde kavu. Lina watu."

"Ramani yako ina umri gani?"

"Wiki mbili."

"Na hii?"

"Miaka mia na hamsini, lakini..."

"Na ofisi hii inashughulikia sura gani?"

"Sura ya kale, Mheshimiwa."

"Umejijibu mwenyewe." Daktari Sembuyagi akachovya brashi, akaifunika Mavumbi kwa buluu polepole, ulimi umemtoka kidogo kama mtoto anayechora. Halafu akamsogezea kalamu. "Saini. Wewe ndiye uliyepima."

Hapa sitamtetea Nyamizi. Alijua. Kitu ndani yake kilimwambia angoje, aseme tena, aseme kwa sauti zaidi. Lakini wilaya ya pili ilikuwa inamsubiri, yenye vilima na matuta ya mawe ya kale, na miguu yake ilikuwa imekwisha kugeukia mlango. Alijiambia ni rangi tu, juu ya karatasi tu. Akatia saini akiwa amesimama.

Ramani ilichapwa kwenye hariri. Mheshimiwa Mkuu wa Nchi aliisaini mbele ya kamera, bendi ikapiga, na tangu siku hiyo Mavumbi ikawa ziwa kwa mujibu wa sheria.

Serikali ya nchi ile, tuipe haki yake, haikuwa ya kusema bila kutenda. Ndani ya mwezi mmoja mwalimu wa Mavumbi alihamishwa, kwa kuwa kanuni za elimu haziruhusu watoto kusomea majini. Muuguzi akafuata. Nafasi yao ilichukuliwa na afisa uvuvi, Bwana Mtengwa, mtu mpole mwenye miwani, aliyeshuka kwenye lori na nyavu kumi na mbili, akasimama kwenye vumbi akizitazama nyumba, kisha akatazama barua yake ya uhamisho, kisha akauliza kwa adabu wapi pwani. Bi Kazinja alimpa chumba. Kila Jumatatu Bwana Mtengwa alijaza ripoti: samaki waliovuliwa: hakuna; sababu: wajanja.

Kisha ikaja barua kwa kijiji kizima. Kwa kuwa ukaguzi ulionyesha kwamba ziwa lina upungufu wa maji, ilisema, Serikali imeamua kuirejesha sura yake ya kale. Mto Luhuzi utachepushwa kwa matingatinga na kuelekezwa bondeni ndani ya siku arobaini. Viumbe wa nchi kavu wanashauriwa kuzingatia.

Bi Kazinja aliifunga barua hiyo kwenye pindo la khanga, akasafiri siku tatu kwenda mji mkuu. Kwenye dirisha la mapokezi la Kamata karani alimuuliza anaishi wapi.

"Mavumbi, Wilaya ya Kisisiri."

Karani akaigeukia ramani ya hariri ukutani. "Mavumbi ni ziwa."

"Ndiko ninakotoka."

"Unaishi humo?"

"Humo humo, baba. Na mume wangu yumo."

"Dirisha namba sita. Viumbe wa majini."

Dirisha namba sita walimuuliza kama yeye ni wa maji baridi au wa maji chumvi. Alipokuwa akishuka ngazi, akitafuta la kufanya na hasira zake, alikutana uso kwa uso na Nyamizi aliyekuwa akipanda mbili mbili, ramani kwapani.

Nyamizi alimtambua, akafungua mdomo kusalimu. Bi Kazinja hakungoja.

"Mwanangu. Nilikutajia makaburi kumi na manne. Nilikutajia mmoja mmoja, na wewe ukawa unaandika. Uliandika wapi?"

Watu walipita kushoto na kulia wakiwa na mafaili. Kwa mara ya kwanza tangu wenzake wamjue, miguu ya Nyamizi ilisimama. Aliichukua barua, akaisoma mara mbili. Siku zilizosalia zilikuwa thelathini na moja.

"Twende ukale kwanza, mama," akasema.

"Sikuja kula."

"Najua. Lakini utahitaji nguvu, na mimi nitahitaji unifundishe maneno ya kusema."

Kuanzia kesho yake Nyamizi alizunguka ofisi zote. Kitengo cha Masahihisho kilimweleza kwa upole kwamba ramani haisahihishwi, ina saini ya Mheshimiwa. Kilicho na makosa ni ardhi, na kwa hiyo kuna Fomu ya Kusahihisha Ardhi, ambayo ndiyo hiyo inayojazwa na matingatinga. Kitengo cha Sheria kilimtaka alete mashahidi waliokuwepo miaka mia na hamsini iliyopita, wawe na vitambulisho. Kitengo cha Malalamiko kilikuwa kimefungwa, na mlangoni pamebandikwa karatasi ya kuwashukuru wananchi kwa kutolalamika.

Akamwendea Daktari Sembuyagi mwenyewe. Aliingia bila kubisha, akamwekea mezani mchoro wa makaburi.

"Mheshimiwa, hapa wamezikwa watu kumi na wanne. Wengine wana miaka mia mbili. Mtu hazikwi ziwani."

Mkurugenzi aliutazama mchoro kwa muda mrefu, na Nyamizi akaanza kuona matumaini. Kisha uso wake ukachanua.

"Hongera sana!" akasema. "Huu ndio ushahidi tuliokuwa tunautafuta. Watu kumi na wanne wamekufa mahali pamoja. Unadhani walikufa kwa nini?"

"Uzee, Mheshimiwa. Homa. Mmoja aligombana na..."

"Walikufa maji, Lubuva! Walikufa maji!" Akainuka, akaenda dirishani, akauhutubia uwanja wa kuegeshea magari. "Taifa lisilojua wapi wahenga wake walizama, halina haki ya kuelea! Tutaweka bamba la kumbukumbu. Chini ya maji, bila shaka."

Nyamizi alitoka. Bi Kazinja alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, miguu ameinyoosha, khanga ameitandika. Alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo huyo bwana anaamini karatasi," akasema.

"Anaamini karatasi tu."

"Na wewe kazi yako ni nini, mwanangu?"

Nyamizi alimtazama. Halafu akaketi kando yake, kisigino kikaanza kudunda, na kilivyodunda ndivyo wazo lilivyomjia.

Siku ile ile aliandika cheti. Kilikuwa na mihuri minne, na kilithibitisha kwamba yeye, mpima ardhi aliyeidhinishwa, amelikagua Ziwa la Mavumbi na kulikuta limejaa lenyewe hadi ukingoni, pasipo msaada wa mtambo wowote, kutokana na busara za Mheshimiwa Mkuu wa Nchi kusaini ramani. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuhoji busara hizo. Matingatinga yalikuwa yameshachimba hatua sabini kutoka ukingo wa Mto Luhuzi. Yakaambiwa yasimame palepale na yangoje. Bi Kazinja alirudi nyumbani na nakala ya cheti, akaisoma mbele ya kijiji, na watu wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Waliendelea na palizi.

Nyamizi hakucheka. Alikuwa anaisikia hatari kama mtu anayesikia nyuki ndani ya ukuta. Na kweli, wiki ya pili Daktari Sembuyagi alimwita.

"Ziwa lililojijaza lenyewe!" akasema, macho yanang'aa. "Nitalizindua. Kwa boti."

Boti ilifika Mavumbi juu ya lori, nyeupe, ina injini, nanga na viti vya ngozi. Ulikuwa mchana wa jua kali. Waandishi wa habari walikuwepo, bendi ilikuwepo, na juu ya kilima, kando ya mfereji uliochimbwa kutoka mtoni, dereva wa tingatinga alikuwa amekaa ndani ya mtambo wake akila ndizi na kungoja amri. Ratiba rasmi iligawiwa kwa kila mtu. Mstari wa tano ulisomeka: *Mawimbi: wananchi wa eneo husika.*

Maana yake ikaeleweka boti iliposhushwa juu ya magogo na kamba zikagawiwa. Watu arobaini wa Mavumbi walishika kamba, Bi Kazinja akiwa mbele kabisa, maana alisema kama ni kupita shambani kwake basi yeye ndiye atakayechagua njia. Mkurugenzi akapanda, amevaa jaketi la kujiokolea juu ya suti. Wapiga picha wakapanda, wakaambiwa wapige kuanzia kiunoni kwenda juu. Nyamizi aliwekwa mbele, karibu na nanga, ramani ya hariri mapajani.

"Nahodha wangu," Mkurugenzi alimwambia, "kina kikoje?"

"Kinatosha, Mheshimiwa."

Boti ikaanza kwenda. Magogo yalilia, mawimbi yakatoka jasho na kutukana chini chini, na Daktari Sembuyagi akasimama, mkono kifuani, akaanza kusifu utulivu wa maji. Alisifu upepo. Alisifu ndege wa majini, akiwaonyesha kuku wawili. Bwana Mtengwa, afisa uvuvi, alitembea kando na daftari lake, akitazama chini kwa aibu. Nyamizi hakuondoa macho kwenye kamba. Alikuwa anaujua mteremko ule; alikuwa ameupima yeye.

Walipofika ukingo wa shamba la karanga, kamba ya kulia ikakatika.

Waliokuwa nyuma walianguka chali. Waliokuwa mbele waliachia, wakaruka pembeni, na boti ikashika kasi juu ya magogo, ikiteremka yenyewe, nzito, na Daktari Sembuyagi ndani yake bado amesimama akidhani ni injini. Bi Kazinja alijaribu kukimbia. Mguu wake ukanasa kwenye tuta, akaanguka kifudifudi, mbele ya boti kabisa.

Nyamizi hakufikiri. Aliishika nanga kwa mikono miwili, akaruka.

Alianguka kwa magoti, akainuka, akakimbia hatua tatu akiburura chuma kile kuelekea kisiki cha mkambala kilichobaki kati ya shamba, akaipiga nanga kwenye mzizi wake kwa nguvu zake zote. Kamba ya nanga ilinyooka ikavuma. Boti ikatikisika, ikageuka ubavu, ikasimama. Kati ya ubao wake na kichwa cha Bi Kazinja pangeweza kupita sahani, si zaidi.

Bendi ilinyamaza, chombo kimoja baada ya kingine.

Nyamizi alisimama, anahema, damu magotini, vumbi limemfika kwenye vifundo vya miguu. Kila mtu alimwona. Bi Kazinja naye alikuwa chini, lakini yeye kwenye ratiba alikuwa wimbi, na wimbi kuanguka si habari. Nyamizi alikuwa afisa wa Serikali, na alikuwa amesimama wima katikati ya ziwa.

Mwandishi mmoja alishusha kamera. Daktari Sembuyagi alimtazama Nyamizi, akatazama viatu vyake vyenye vumbi, akatazama tena uso wake. Polepole sana, kama mtu anayeamshwa asipotaka, alianza kuona. Nyamizi aliuona uso ule ukibadilika. Akaona macho yake yakiinuka, yakipanda kilimani, yakimtafuta dereva wa tingatinga. Akaona mkono nao unaanza kuinuka. Alijua neno litakalofuata: ziwa halijajaa.

Alikuwa na muda wa pumzi moja. Akaukunja mgongo, akainua mkono mmoja juu, akalia kwa sauti iliyofika kilimani:

"Nazama, Mheshimiwa! Nazama! Kina ni kirefu mno!"

Na akazama. Alishuka kwa magoti, kisha kwa kiuno, akajipenyeza kati ya mabua ya uwele yaliyopakana na karanga, hadi mkono tu ukabaki juu, kisha nao ukapotea. Mabua yakatikisika kidogo, yakatulia.

Bi Kazinja alikuwa wa kwanza kuelewa. Akiwa bado amelala, uso kwenye udongo, alipiga ukunga wa msiba, na Mavumbi nzima ikampokea.

Mkono wa Daktari Sembuyagi, uliokuwa ukielekea kilimani, ulibadili safari na kuvua kofia. Rangi ilimrudia usoni. Akaomba wote wasimame dakika moja, nao wakasimama, naye akahutubia.

"Ndugu wananchi, wapo waliosema, na sitawataja, kwamba ziwa hili halina kina. Leo limetujibu! Ziwa lenye uwezo wa kummeza mtumishi wa umma wa daraja la tatu, pamoja na nanga yake, ni ziwa kamili. Halihitaji kuongezwa hata tone." Akamgeukia msaidizi wake. "Mwambie yule wa tingatinga aende nyumbani. Na boti irudishwe nchi kavu, maji haya si salama."

Ndani ya uwele, shavu juu ya udongo wa moto, Nyamizi alisikia mtambo ule ukiwashwa, ukigeuka, ukiondoka, sauti yake ikipungua hadi ikawa kama ya mdudu. Alisikia magari. Alisikia bendi ikipandishwa kwenye lori. Miguu yake ilitaka kuinuka ikimbie. Aliikaza, akalala vile vile mpaka mkono wa Bi Kazinja ulipomgusa bega.

"Wameondoka, mwanangu. Umeumia?"

"Magoti tu. Wewe?"

"Mimi ni wimbi," Bi Kazinja akasema, na ndipo alipoanza kulia kwelikweli.

Walikaa hapo chini kwa muda, wawili, kati ya karanga zilizopondeka. Watu walileta maji ya kunywa. Mtu mmoja alisema sasa dada huyu anaweza kusubiri giza, akapanda lori la mkaa, akarudi kwao mjini. Nyamizi alitikisa kichwa.

"Nikionekana mjini, basi sikuzama. Kama sikuzama, hakuna ziwa. Watayarudisha matingatinga siku hiyo hiyo."

"Una watu huko?" Bi Kazinja akamuuliza.

"Ninao."

"Watakulilia."

"Watanililia," Nyamizi akasema, akaitazama mikono yake.

Kisha wakasikia kikohozi cha adabu. Alikuwa Bwana Mtengwa, miwani imejaa vumbi, daftari limefunguliwa kwenye ukurasa ambao haukuwa umetumika bado.

"Samahani, dada," akasema. "Ajali zote za majini zinaandikwa na ofisi yangu. Lazima nipeleke taarifa kesho. Nisipoipeleka watatuma mtu."

"Andika," Nyamizi akasema.

"Jina kamili?"

"Nyamizi Lubuva. Lubuva kwa b moja."

"Umri?"

"Arobaini na sita."

"Alikuwa anajua kuogelea?"

"Hapana."

Bwana Mtengwa aliandika kwa mwandiko mzuri, akipuliza vumbi kila baada ya mstari. Alipofika chini ya ukurasa alisita, akaisoma ile nafasi ya mwisho kimoyomoyo, akavua miwani na kuifuta kwa shati.

"Hapa wanauliza kama mwili umepatikana."

Nyamizi alimtazama Bi Kazinja. Bi Kazinja alitazama shamba, kisha akamtazama yeye, akamfuta udongo shavuni kwa pindo la khanga.

"Andika haujapatikana," Nyamizi akasema. "Na andika msako unaendelea, ila wasije kusaidia."